Benchi la Stoo na Bega la Nafula

Nimesikia mnataka kulitupa lile benchi. Mmoja wenu alinipigia simu Jumatatu, kwa heshima zake zote, akasema linaziba mlango wa stoo na mguu wake mmoja umeliwa na mchwa. Nilimwomba angoje nimwandikie kwanza. Sasa nimeandika. Mkimaliza kusoma na bado mkaona linafaa kuwa kuni, lipasueni.

Kwa wale msionijua, jina langu ni Kamau, ingawa pale ukumbini Buruburu hakuna aliyeniita hivyo. Niliitwa Fundi. Kwa miaka ishirini na miwili nilitunza pinde na mishale ya klabu yetu ya kulenga shabaha. Sikuisomea kazi hiyo popote. Nilikuwa mshonaji wa mikoba ya ngozi. Siku moja niliitwa nitengeneze kinga za mikono, nikabaki. Mengine niliyasoma katika vitabu vya kuazima, na mengine niliyajua kwa kukosea. Mwaka jana macho yalianza kushindwa kuona ufa mwembamba kwenye mshale, nikarudisha funguo siku hiyo hiyo. Asiyeona ufa hafai kugawa mishale.

Wageni huja wakiogopa kuchomwa. Katika miaka yangu yote hakuna aliyechomwa na mshale wa mwenzake, kwa sababu mstari wa kusimama uliheshimiwa. Walioumia waliumizwa na vitu walivyokuwa wameshika wenyewe. Kamba ilimchapa mmoja mkono ukavimba kama kiazi. Mwingine alichubuka vidole. Mwingine bega lilimwasha wiki mbili. Na mara nyingi kifaa chenyewe hakikuwa kibovu hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba kilimfaa mtu mwingine.

Aliyenifundisha kulitambua hilo alikuwa Mzee Shiundu. Alikuwa amestaafu kiwandani, ambako aliendesha mashine ya kuchonga chuma, na aliishi peke yake karibu na ukumbi. Alikuwa mtu wa kuonyesha, kueleza kulimchosha. Nilipofika alinipa rundo la pamba ya hospitali, akanionyesha jinsi ya kuipitisha polepole kwenye mwili wa mshale, kutoka kichwani hadi kisiginoni. Nilipitisha pamba kwenye mishale arobaini bila kujua natafuta nini. Kwenye wa arobaini na moja pamba ikanasa, ikaacha uzi mmoja. Mzee aliuchukua mshale, akaukunja kidogo karibu na sikio langu. Nikasikia kitu kama kuni ikianza kushika moto. Akauvunja vipande viwili na kuendelea na chai yake. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuambiwa tena kwamba mshale wenye ufa unaweza kupasuka mkononi.

Basi, benchi. Kila mgeni alipoingia, Mzee Shiundu alikuwa na ombi moja.

"Wewe, hebu shika huku tusukume hii benchi."

"Mzee, nimekuja kupiga mishale, sijakuja kuhama nyumba," kijana mmoja wa Dandora alimjibu siku fulani.

"Utapiga. Kwanza shika."

Benchi lilisukumwa kutoka mlangoni hadi ukutani. Mgeni aliyefuata alilirudisha mlangoni. Jumamosi moja nilihesabu.

"Mzee, leo tumeihamisha mara nne na imerudi pale pale."

"Si imerudi vizuri?" akasema.

Niliamini kabisa kwamba ni uzee, au labda ni kupenda kuona vijana wakifanya kazi. Sikuuliza zaidi. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Niwape makosa yangu madogo kabla ya lile kubwa, kwa sababu madogo yanachekesha na yana faida.

Kinga za kwanza za mikono nilizitengeneza kwa gambuti kuukuu. Nilikata shingo ya kiatu, nikatoboa matundu, nikapitisha kamba moja katikati. Kwa macho yangu zilikuwa safi sana. Kwenye jasho ziliteleza hadi kwenye kifundo, na kamba ya upinde ikachapa pale pale zilipokuwa zimetoka. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kujaribu aliivua, akainusa, akaniuliza, "Fundi, hii ni ya kukinga mkono ama ni ya kuvukia mafuriko?" Kinga nzuri ina kamba mbili, moja karibu na kifundo na nyingine chini kidogo ya kiwiko, na haiachi nafasi ya zaidi ya kidole kimoja. Hata hivyo kinga ni ya bahati mbaya tu. Anayechapwa kila mara ana kiwiko kilichokaa vibaya. Mwambie aweke kiganja ukutani, kisha azungushe kiwiko bila kukigeuza kiganja, mpaka ile sehemu laini ya ndani itazame pembeni badala ya kutazama juu. Akiweza ukutani, ataweza akiwa na upinde.

Kosa la pili. Napenda vitu vilivyo sawa. Mwaka wangu wa kwanza nilikata mishale kumi na miwili yote iwe na urefu mmoja, nikaipanga ukutani kama meno. Akaja mtu mwenye mikono mirefu, akauvuta mmoja hadi ncha ikarudi nyuma ya mshikio, karibu kabisa na ngozi ya mkono wake mwingine. Angeachilia, mshale ungepita kwenye kiganja. Mzee Shiundu alimfikia kabla yangu, akamshika kiwiko. "Polepole. Usiachilie. Rudisha mkono mbele, hivyo, hivyo." Kisha akaikusanya mishale yangu yote kumi na miwili, akatoka nayo nje. Iliishia kushikilia miche ya nyanya nyuma ya ukumbi, na nyanya zilifanya vizuri. Mgeni mpeni mshale unaozidi mvuto wake, yaani urefu anaoweza kuvuta, kwa inchi mbili au tatu. Mkumbuke mwili wa mgeni bado unajifunza kufunguka. Mwezi wa pili atavuta zaidi kuliko wa kwanza.

Mzee aliporudi kwao Kakamega, stoo ikawa yangu peke yangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulisukuma benchi hadi kona ya nyuma, nikaweka meza. Juu ya meza nikaweka fomu. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwa jioni kadhaa: urefu, upana wa mikono iliyonyooshwa, jeraha la zamani, mkono unaotumia, na mengine, yote maswali kumi na moja. Niliipenda ile fomu. Nilidhani nimeiingiza klabu katika enzi mpya.

Nafula alikuja siku zile za fomu. Alikuwa msusi kutoka mtaa wa Pipeline, wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu anayeshinda siku nzima mikono ikiwa juu ya vichwa vya watu. Alikuwa na kiti chake katika saluni ya chini ya gorofa moja, na watoto wawili waliotegemea kiti hicho.

"Fundi, hata mtihani wa darasa la nane haukuwa na maswali hivi," alisema.

"Unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

Nikaweka alama.

Sasa nisomeni vizuri hapa. Kabla ya kumkabidhi mtu upinde, jicho hupimwa. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza, na mtu anatakiwa kuvuta kamba kwa mkono wa upande wa jicho hilo. Nililijua hilo. Lilikuwa katika vitabu vyangu viwili, na nilikuwa nimepiga mstari chini yake. Lakini katika fomu yangu halikuwemo, na sababu yake niliificha kwa miaka: klabu haikuwa na upinde hata mmoja wa kushoto. Sikutaka kuuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake ukutani.

Mishale ya Nafula ilikaa pamoja vizuri sana, lakini ilikaa kushoto, nje ya shabaha. Nilimwambia anafinya kamba. Nilimwambia anaachilia vibaya. Yeye akajitafutia dawa: akalaza shingo, akainua bega la kulia, akaipeleka kamba mbele ya uso mpaka jicho la kushoto likaifikia. Mishale ikaanza kuingia katikati. Nami nikampongeza. Mnaona? Nilimpongeza kwa kujikunja.

Baada ya miezi michache yalikaribia mashindano na klabu za mitaa mingine. Nikampa upinde mzito zaidi. Kibandiko cha uzito wa upinde kilisema paundi thelathini, nami nikaandika thelathini kwenye kadi yake. Kibandiko hupimwa kwa mvuto wa inchi ishirini na nane. Nafula alivuta inchi thelathini, na kila inchi ya ziada huongeza kama paundi mbili. Kwa hiyo alikuwa akivuta thelathini na nne, shingo imelala na bega liko juu, mwisho wa siku ambayo alikuwa amesuka tangu asubuhi.

"Fundi, hii bega inaniongelesha leo."

"Ni mazoezi hayo. Sita tu zaidi, halafu tufunge."

Alipiga mitatu. Wa nne aliuvuta nusu, akaurudisha polepole kama nilivyomfundisha, akaweka upinde chini. Kisha akajaribu kukaza kilemba chake, na mkono wa kulia ukakataa kupita kidevu. Alicheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Akajaribu tena. Hakucheka mara ya pili.

Nilimpigia simu baada ya siku nne.

"Daktari wa viungo amesema mishipa ya bega imevimba," aliniambia. "Ameniambia nipumzike."

"Basi pumzika, Nafula."

"Nipumzike nikisuka na nini, Fundi? Na miguu?"

Nilienda Pipeline siku iliyofuata. Nilibeba machungwa, nikajua njiani kwamba machungwa si kitu. Alikuwa amemkalisha mteja kwenye kigoda kifupi sana, karibu na sakafu, ili asiinue mkono. Wateja wengine wawili wa siku hiyo alikuwa amempa jirani yake wa kiti cha pili. Mama mmoja aliyekuwa anakausha nywele alinipima kwa macho.

"Ndiye huyu wa mishale?"

"Ndiye," Nafula akasema.

"Baba, si ungemfunza drafti."

Walicheka wote, na Nafula akacheka zaidi yao, nadhani ili kuniokoa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilitazama mikono yake.

Kitana kilikuwa mkono wa kushoto. Wa kushoto ndio uliogawa nywele, ukavuta, ukapindua, ukakaza. Wa kulia, hata kama ungekuwa mzima, ungekuwa na kazi moja tu ya kushikilia. Kisha akachukua sindano ya kushonea weaving, zile nywele za bandia, akataka kutia uzi. Aliisogeza sindano hadi mbele ya jicho la kushoto, na uzi ukaingia mara moja.

"Nafula, wewe ni wa mkono wa kushoto."

"Zii. Mimi ni wa kulia. Naandika na kulia, nakula na kulia."

"Na hicho kitana?"

Aliutazama mkono wake kana kwamba kuna mtu aliyekuja kuuweka pale. Kisha akaeleza, akiendelea kusuka. Shule ya msingi, mwalimu wa darasa la kwanza alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa leso, muhula mzima, mpaka akaandika kwa ule mwingine. Nyumbani bibi yake alikataa kupokea chochote kutoka mkono wa kushoto. Lakini kusuka hakuna aliyemfundisha. Alijifunza peke yake shambani, kwa mahindi mabichi yenye nywele, amejificha kati ya mistari. Huko hakukuwa na wa kumfunga.

Nilimpima palepale, akiwa amekaa, mkono usipande. Nilimwambia akutanishe viganja aache kidirisha kidogo katikati, atazame komeo la chini la mlango kupitia hapo, macho yote mawili wazi, halafu arudishe viganja usoni bila kulipoteza komeo. Vilienda moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Yule mama wa drafti akadai naye apimwe. Yeye alikuwa wa kulia.

Hapo ndipo nilipolikumbuka benchi. Nilitoka nje, nikasimama kati ya gorofa mbili ambapo nguo zilikuwa zikidondosha maji, nikampigia Mzee Shiundu.

"Mzee, ile benchi ilikuwa ya nini?"

Kwanza nilisikia kuku wa kwake. Kisha akasema, "Umekaa miaka mingapi na hilo swali?"

"Mingi."

"Mtu ukimuuliza, anakujibu vile alifunzwa kujibu. Mpe kitu kizito ashike ghafla. Ule mkono unaotangulia, ndio wake. Na ukimtazama akisukuma, utaona ni bega gani linapanda. Wewe ulikuwa unahesabu safari za benchi, sivyo?"

Nilikuwa nahesabu safari za benchi.

Nilirudi saluni nikamwambia Nafula yote: kipimo nilichokiruka na kwa nini, kibandiko, na ile mishale sita. Sikumwambia kwamba ningeweza kurekebisha bega, kwa sababu sikuweza. Alimaliza msuko mmoja. "Ulijua hilo la jicho?" akauliza. Nikasema nilijua. "Sawa," akasema, akaendelea kusuka mpaka nilipoondoka. Ile "sawa" nimeishi nayo.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na cha kuchosha, kwa hiyo nakifupisha. Daktari wa viungo alimpa mazoezi ya kuvuta mpira, nami nilimkatia mipira kutoka kwa tyubu ya baiskeli, mwembamba kwanza, kisha mnene. Kazi yangu iliishia hapo. Ya bega nilimwachia mwenye elimu ya mabega. Mimi nilichonga mshikio wa upinde wa kushoto. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili niliuvuta mwenyewe mara mia mbili, kila mara mshale ukiwa ndani, maana upinde ukiachiliwa mtupu nguvu yake yote huurudia wenyewe. Niliufungia mabawa, zile pande mbili zinazopinda, mepesi kuliko yote tuliyokuwa nayo. Na benchi nikalirudisha mlangoni. Kila mgeni alisukuma. Wawili kati ya wanachama wa zamani, watu niliowapa pinde mwenyewe, nikawakuta na mikono ambayo haikuwa kwenye fomu zao.

Nafula alirudi baada ya mvua za masika. Mkono ulikuwa unapanda, saluni alikuwa amekiinua tena kile kigoda, na daktari alikuwa amemruhusu kwa masharti. Sikuwa nimemwita. Alisimama mlangoni akalitazama benchi.

"Nisukume?"

"Wewe nakujua sasa. Kaa."

Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia ainue miguu yote miwili hewani na auvute upinde taratibu. Mtu asiyeweza kuvuta akiwa hivyo, upinde huo ni mzito kwake, hata awe na mikono kama nguzo. Alivuta, akakaa hesabu ya thelathini. Nilisimama nyuma yake nikitazama mabega tu. Hakuna lililopanda. Nikapima mvuto wake kwa mshale mrefu wenye alama, nikapima paundi kwa mizani pale pale kwenye mvuto huo, na kibandiko nilikuwa nimekibandua. Akatoa hereni. Misuko yake akaifunga nyuma na kuiingiza ndani ya blauzi, kwa sababu kamba haichagui inachokamata. Kinga ya mkono ikahamia mkono wa kulia, kipande cha ngozi cha vidole kikahamia kushoto.

Mshale wa kwanza ulienda juu. Wa pili ukaingia kwenye duara la nje. Wa tatu ukaingia katikati, shingo ya Nafula ikiwa imesimama wima kama ya mtu anayemsikiliza mwenzake.

Nilifungua mdomo. Baada ya yote yale, neno lililokuwa linakuja lilikuwa lile lile la sita zaidi.

Nafula hakuningoja. Alivua kipande cha ngozi, akaulaza upinde mikononi mwangu, na kwa mkono wa kulia akainua kilemba chake, akakikaza juu kabisa ya kichwa.

"Kesho nina bibi arusi na dada zake sita," alisema. "Leo ni mitatu."